Meno Mangapi Nyuma? Kuchagua Vitesi ya Kinga kwa Kupanda Mlima

(Maneno ya timu ya tereni mbele ya mkutano wa wanachama, Baraka. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, tumeondoa tu yale ya kurudiarudia.)



Tumeombwa tuseme juu ya kinga. Wengine hapa wanasema baiskeli, hakuna shida. Hapa kwetu ukisikia mutu anasema baiskeli, ujue alikunywa maji ya Nyarugusu ao ya Lugufu. Leo tutachanganya yote mbili na hakuna atakayelipa amandi.

Jambo lenyewe mnalijua. Chama iko na makuta ya kununua kinga, sehemu moja kutoka kwa kotizasyo zenu, sehemu moja kutoka kwa wafadhili. Kila kinga itatolewa kwa mkopo, na mwanachama atalipa kidogo kidogo. Vijana wanataka kinga za vitesi 21. Wazee wanataka ile kinga nyeusi ya zamani. Mabishano yamefika hata kwenye kisima. Sisi wa tereni hatukuja kuchagua upande kwa sababu ya umri. Tulichukua kamba, chaki na kalamu, tukahesabu meno. Kinga ikichaguliwa vibaya, itasimama ukutani na mwanachama ataendelea kulipa deni lake, mwezi kwa mwezi, na kule juu wamama wataendelea kubeba kwa mgongo.

Tuanze na njia. Wengi wetu tulirudi kwa meli kutoka Kigoma, tangu 2005, tukashuka hapa kando ya ziwa. Lakini mashamba ya wazee wetu mengi hayako kando ya ziwa. Yako juu. Ziwa Tanganyika liko mita 773 juu ya bahari, na kutoka hapa, ukigeuzia ziwa mgongo, kila njia inapanda. Ndakala, chumvi, sabuni na mawese vinapanda. Mihogo, maharagwe na karanga vinashuka. Kwa hiyo kinga yetu haifanyi kazi ya mutu wa mji. Inapanda saa nyingi, halafu inashuka na mzigo.

Sasa hesabu. Msiogope, iko nyepesi. Kila kinga iko na hatua yake, sawa na mutu. Zungusha pedali mara moja, mzunguko mzima, halafu pima kinga imeendelea mita ngapi: ile njo hatua yake. Mwenye kamba atapima kwa kamba. Asiye na kamba ahesabu meno: chukua meno ya plato ya mbele, gawanya kwa meno ya pinyo ya nyuma, zidisha kwa mzunguko wa gurudumu. Gurudumu la 28, lile la kinga nyeusi, likizunguka mara moja linatembea karibu mita 2,2. Gurudumu la 26, lile la kinga za vitesi zenye mipira minene, linatembea karibu mita 2,05.

Chukueni kinga nyeusi yenye plato ya meno 48 na pinyo ya 18. Unapata hatua ya karibu mita 5,9. Ni hatua nzuri kwa mutu anayekwenda kando ya ziwa asubuhi, njia ya sawasawa, shati inapepea. Sasa mpeleke huyo mutu kwenye mlima unaopanda mita 8 kwa kila mita 100. Yeye ni kilo 60, kinga kilo 18, nyuma amefunga bidon moja ya mawese, tuseme kilo 20. Barabara ni ya udongo. Kwa kuendelea tu, bila haraka, mguu wake unatakiwa kusukuma pedali kwa nguvu ya kilo 54 hivi, na hiyo ni katikati ya nguvu zote za mzunguko. Pedali ikiwa juu kabisa ao chini kabisa mguu hausaidii kitu, kwa hiyo pale ambapo unasaidia inabidi kusukuma karibu kilo 80. Na yeye mwenyewe ni kilo 60! Akisimama juu ya pedali na mwili wake wote, bado haitoshi. Analazimika kuvuta gido kwa mikono, mgongo unajikunja, magoti yanalia. Mnajua vijana wetu wanaolalamika juu ya magoti wakiwa hawajafika miaka 30. Wengine wanasema ni uchawi. Sisi tunasema waangalie kwanza pinyo.

Ukiondoa pinyo ya 18 na kuweka ya 22, hatua inashuka kuwa mita 4,8, na zile kilo 54 zinakuwa 44. Bado ni nzito kwa mlima wa 8. Lakini kwenye mlima wa 5 kwa 100, kinga hiyohiyo na bidon hiyohiyo inataka kilo 31 hivi, na hapo kijana mwenye nguvu anaweza kupanda amesimama kwa dakika chache, apumzike, apande tena. Na kwenye sawasawa hapotezi kitu cha maana. Akizungusha mara 60 kwa dakika atakwenda kilometa 17 kwa saa badala ya 21. Nani hapa anakwenda 21 na mzigo?

Mukitaka kujua mlima wenu ni wa 5 ao wa 8, msimwite enjenia. Chukua ubao wa mita moja, weka ncha moja chini upande wa juu wa mteremko, laza juu yake chupa yenye maji nusu, inua ncha ya pili mpaka maji yasimame sawa. Halafu pima nafasi kutoka ncha ile mpaka ardhini. Sentimita 8 ni mlima wa 8 kwa 100. Fanyeni pahali pengi, kwa sababu mlima mmoja unabadilika, na sehemu mbaya njo inaamua.

Hapo vijana watapiga makofi: basi, vitesi 21! Ngojeni kidogo. Hiyo 21 haisemi kitu. Ni plato 3 mbele mara pinyo 7 nyuma, basi. Kinga moja ya 21 iko na plato ndogo ya meno 28 na pinyo kubwa ya 28, na hatua yake ndogo kabisa ni mita 2,05. Nyingine, nayo imeandikwa 21 kwa rangi nzuri, iko na 24 mbele na 34 nyuma: hatua ni chini ya mita 1,5. Hizo ni kinga mbili tofauti kabisa, na muuzaji atawaonyesha rangi. Muulizeni mambo mawili tu: plato ndogo iko na meno mangapi? Pinyo kubwa iko na meno mangapi? Akishindwa kujibu, hesabuni wenyewe, wekeni chaki kwenye jino la kwanza msije mkalihesabu mara mbili.

Tena kuna jambo ambalo vitabu vya kinga havisemi sana, kwa sababu vinaandikwa kwa watu wasiobeba mihogo. Kinga inasimama kwa sababu inakwenda. Chini ya kilometa 5 kwa saa inaanza kuyumba kama mlevi, na ukiwa na mzigo nyuma inayumba zaidi. Mutu mzima mwenye afya anaweza kutoa nguvu ya wati 100 hivi kwa saa nzima. Kwa nguvu hiyo, na bidon moja, kwenye mlima wa 5 atapanda kilometa 5 na kitu kwa saa. Kinga inasimama, vitesi imemsaidia. Kwenye mlima wa 8 atakwenda chini ya 4: hapo atapanda paka yule mwenye nguvu zaidi, kwa muda mfupi, wengine watashuka. Na sasa mfungie kiloba cha kilo 60. Mlima wa 8, nguvu ileile: kilometa 2,6 kwa saa. Huo ni mwendo wa mzee anayetembea na fimbo. Hata umpe vitesi 100, kinga itaanguka. Hakuna meno ya kuponya hiyo.

Kwa hiyo, wandugu, mwenye kubeba kiloba atasukuma. Na mwenye kusukuma hatumii vitesi. Anatumia miguu yake, na ile fimbo iliyofungwa kwenye gido. Kwake vitesi ni chuma cha bure kinachopanda pamoja naye na kuharibika njiani.

Kutoka hapo tunapata pia mpaka wa chini. Kama 5 na nusu njo mwendo mdogo ambao kinga inasimama vizuri, na miguu inataka kuzunguka mara 55 hivi kwa dakika bila kuchoka haraka, hatua inayofaa ni karibu mita 1,6 ao 1,7. Meno 22 mbele na 28 nyuma inafika hapo. 24 na 28 iko karibu, mita 1,76. 24 na 32, mita 1,54. Ukiteremka zaidi ya hapo unazungusha miguu kama cherehani na kinga inaanguka pembeni. Lakini ukifika hapo, zile kilo 54 za pedali zinakuwa kama 15. Kilo 15! Ile tofauti njo mutu kufika kazini akiwa bado anaweza kufanya kazi.

Sasa juu ya fundi. Tulizunguka kwa mafundi wa kinga, hapa na kule juu. Cheni ya kinga nyeusi iko kila mahali, ni pana. Cheni ya vitesi ni nyembamba. Ile pana haiingii kati ya pinyo. Ikikatika mahali ambapo hakuna nyembamba, kinga imelala. Deraya ya nyuma inaninginia chini, karibu na mawe. Wakati wa mvua inakula matope, na ikigongwa inaingia ndani ya tindo za gurudumu na kuvunja vyote mara moja. Kutoa pinyo 7 kunataka ufunguo maalumu ambao fundi wengi hawana, na tumeona wengine wakitumia patasi na nyundo. Hatutasema zaidi, mnaelewa. Halafu kuna esye ya nyuma. Kwenye moyo wa gurudumu wenye pinyo 7 za kufungwa kwa parafujo, bili za upande wa cheni ziko mbali ndani, na kipande kirefu cha esye kinabaki bila kushikiliwa. Ukiweka mzigo mzito inapinda, halafu inakatika. Kwenye kinga nyeusi bili ziko karibu na fremu, njo maana inavumilia.

Kuna watu waliotafuta njia ya katikati. Shirika la World Bicycle Relief, ambalo linajulikana kwa kinga yake ngumu ya Buffalo ya vitesi moja, mwaka 2023 lilitoa Buffalo nyingine yenye vitesi mbili: iko na cheni mbili na haina deraya wala kebo. Unarudisha pedali nyuma kidogo, inabadilisha. Tunaipenda fikra hiyo, kwa sababu mutu anayejua matope njo aliifikiri. Lakini bado tungetaka kuwa na uhakika wa vipande vyake hapa kabla ya kuweka makuta ya chama.

Na msifikiri kwamba kupanda bila deraya ni aibu ya maskini. Kwenye Tour de France, mashindano makubwa ya kinga ya Ufaransa, deraya ilikatazwa mpaka 1937. Walianza kupanda milima ya Pyrenees mwaka 1910, na kwa miaka mingi walifika chini ya mlima, wakashuka, wakatoa gurudumu la nyuma, wakaligeuza: upande mmoja pinyo ndogo, upande wa pili pinyo kubwa. Wengine walisukuma kwa miguu, sawa na sisi. Tofauti ni kwamba hawakuwa na bidon nyuma.

Basi tulipendekeza nini kwa kamati? Sehemu kubwa ya kinga ziwe nyeusi, za 28, pinyo moja, lakini zisitoke dukani na 18. Tuandike kwenye oda: pinyo 22. Na pale inapopatikana plato ya 44 tuchukue 44, hatua inashuka mpaka mita 4,4. Kwa wale walio na kinga tayari, kubadilisha pinyo peke yake ni kazi ndogo na bei yake haiwezi kulinganishwa na kinga mpya. Fundi aangalie cheni: ukiongeza meno 4 nyuma, esye inataka kwenda mbele zaidi ya sentimita moja. Kama nafasi ya kwenye fremu haitoshi, aongeze kiungo kizima cha cheni, siyo kulazimisha. Na kama cheni ni ya zamani, ibadilishwe pamoja na pinyo. Cheni iliyovutika itakula pinyo mpya haraka. Plato ni kazi zaidi, kwa sababu inatoka pamoja na mkono wa pedali na inafungwa kwa klaveti, na klaveti ya zamani inakataa. Fundi aweke chuma kizito chini kabla ya kupiga nyundo, asije akaharibu bili za katikati.

Kinga chache, tulisema chache, ziwe za vitesi, gurudumu 26, hatua ya chini isiyopita mita 1,8. Hizo ni za watu wanaopanda bila mzigo mkubwa na wanaotakiwa kufika: muuguzi anayepeleka chanjo, relais wa afya, mwalimu anayelala chini na kufundisha juu, na sisi wenyewe wa tereni, kwa nini tuseme uongo. Kila moja ije na cheni moja ya akiba, kebo mbili na ule ufunguo wa pinyo. Bila ufunguo, tusinunue. Na zisifungwe kiloba. Tumesikia vijana wakisema «nitabeba kidogo tu». Kidogo ni kilo ngapi? Tuliandika 20 kwenye karatasi ya mkopo.

Juu ya wamama. Kwenye mkutano wa wamama wabebaji tuliuliza kama wanataka kinga. Mama mmoja alitujibu: «Wanangu, kinga tunaitaka, lakini muniambie kwanza kikwembe changu nitakipeleka wapi na ile chuma ya katikati.» Watu walicheka, lakini iko sawa. Fremu ya chini, ile isiyo na chuma ya juu, ipo, na inapokea pinyo 22 bila neno. Ni dhaifu kidogo kwa mzigo mzito, lakini kwa kusukuma inafaa, kwa sababu unashika gido na kiti bila kujigonga. Tumeomba robo ya oda iwe ya fremu hiyo. Wafadhili wetu, tunawaomba msiipunguze hata kama bei yake inapita nyingine kidogo. Mama anayebeba kilo 50 kwa kamba ya kichwani akiweza kuziegemeza kwenye magurudumu mawili, mgongo wake umepumzika hata kama hajapanda juu ya kiti siku moja.

Jambo la mwisho tuliloongeza bila kuulizwa: freni. Mutu anapanda polepole, hakuna anayekufa akipanda. Wanakufa wakishuka. Mnaijua Ngomo, kule kati ya Kamanyola na Bukavu, jinsi hata magari yanavyoshindwa. Freni za kinga nyeusi zinabana rimu ya chuma, na rimu ya chuma ikilowa haishiki. Kilo 60 nyuma, mvua, kona: mutu anaweka sandali kwenye mpira. Wenye chukudu wa Goma wanafanya vile, na wao wamezoea tangu utoto. Sisi tumeandika kwamba kinga ya chama haitoki bila freni mbili zinazofanya kazi, na kwamba patini za freni zitauzwa na chama kwa bei ya kununulia. Mwenye mzigo akifika kwenye sehemu mbaya ya mteremko ashuke, atembee. Atachelewa robo saa.

Papa mmoja aliuliza: je, mwenye kinga yenye pinyo 20 afanye nini, abadilishe? Tulijibu: kama unakwenda sokoni kando ya ziwa, baki na 20. Kama unapanda zaidi ya mara mbili kwa juma, weka 22. Mwingine aliuliza kama 24 ingekuwa bora. Ikipatikana, ndiyo, hatua inakuwa mita 4,4 na plato yako ya 48, sawa kabisa na 44 na 22. Lakini madukani tumeona zaidi 22, na kinga inayongoja kipande haipandi mlima.

Kamati itafunga oda mwisho wa mwezi. Kabla ya hapo, kila Jumamosi asubuhi tutakuwa kwenye hangari ya chama pamoja na fundi, na ile mizani ya kupimia mihogo. Leta kinga yako, na leta mzigo wako wa kawaida, siyo ule wa kujivunia. Tutapima hatua, tutapima kilo, tutaandika njia unayopita. Asiye na kinga aje pia, aseme anakwenda wapi na anabeba nini, kwa sababu oda itaandikwa kutoka kwenye karatasi hizo. Wamama waje na vikwembe. Zile fremu mbili za mfano ziko pale, wajaribu wenyewe.